Pimeni maziwa ya jerikeni, si ya pakiti peke yake

Ndugu Mhariri,

Msomaji mwenzangu wa upande wa Kenya aliandika katika safu hii akitaka maziwa yote yanayotoka Uganda yafungiwe mpakani, kwa kuwa, alisema, ni machafu na hakuna ajuaye yamepitia wapi. Simlaumu kwa kuogopa. Anayemnunulia mtoto maziwa ana haki ya kuuliza yametoka wapi, yamekaa muda gani na nani ameyapima. Ila namwomba atazame vizuri ni maziwa gani anayotaka yafungiwe. Mimi nina deri, yaani duka la kupoza na kuuza maziwa, hapa Busia, upande wa Uganda, na ninachokiona kila siku ni kwamba ukaguzi wote umeelekezwa kwenye maziwa yenye hatari ndogo, huku yale ya kuogopwa yakipita bila mtu kuyauliza lolote.

Maziwa ya Uganda yanaingia Kenya kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya malori. Yanabeba pakiti za maziwa yaliyopashwa kiwandani kwa joto la nyuzi 135 na zaidi kwa sekunde chache, kisha yakafungwa yasiguswe na hewa. Ndiyo maana yanakaa miezi bila friji. Lori la namna hiyo likifika kwenye kituo cha pamoja cha mpakani, kile kilichozinduliwa na marais wetu wawili mwaka 2018, dereva ana bahasha nene mkononi: cheti cha daktari wa mifugo, kibali cha Bodi ya Maziwa ya Kenya, majibu ya maabara, cheti cha asili ya bidhaa. Maofisa wa nchi zote mbili wanakaa chini ya paa moja, na bado lori linaweza kulala pale. Sisemi lisikaguliwe. Nasema maziwa yaliyomo, hata lori likilala siku mbili, hayatageuka sumu.

Njia ya pili haina bahasha. Ni baiskeli, ni bodaboda, ni kichwa cha mama. Maziwa mabichi yaliyopozwa tu yanavuka ndani ya jerikeni za lita 5, 10 na 20, na mengi hayapiti getini. Yanapita Sofia, mtaa wetu wa mpakani, yanapita katikati ya mihogo ya watu, alfajiri, kwa sababu mwenye nayo anajua akionekana yatamwagwa au ataombwa kitu kidogo. Wateja wangu wengi ni hao. Maziwa ya huku ni nafuu. Kule Ankole, magharibi mwa Uganda, ng'ombe ni wengi, na mvua ikikolea maziwa yanazidi wanywaji. Wao wananunua kwangu na kwa wenzangu, wanakwenda kuyauza kwenye vibanda vya chai na milangoni kwa watu. Chai ya asubuhi ya watu wengi wa Busia ya Kenya, na hata mbele ya hapo, imetiwa maziwa haya.

Na haya ndiyo maziwa yanayoharibika kwa saa. Maziwa yakitoka kwenye kipozeo changu yana nyuzi 4. Kwa baridi hiyo vijidudu vimelala. Yakifika nyuzi 30 hivi, karibu na joto letu la mchana, vijidudu vinazaana haraka, vingine vinaongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hivi. Sasa mfikirie mama aliyeondoka kwangu saa kumi na moja alfajiri, akasikia doria iko njiani, akaiweka jerikeni yake kichakani na kukaa kungoja. Anangoja mpaka saa tatu. Saa nne maziwa yako jikoni kwa mtu. Doria haikuyazuia maziwa kuingia Kenya. Iliyachelewesha tu, juani, ndani ya plastiki. Wapo pia wanaoshawishika kutia dawa ili yasichachuke njiani, haidrojeni peroksaidi, au mbaya zaidi, ile fomalini inayohifadhia maiti. Kishawishi hicho kinatokana na kungoja huko huko.

Hiyo jerikeni nayo nataka niizungumzie kidogo, maana watu wengi wanaiona ni chombo tu. Kila nikipata mteja mpya anayekuja na jerikeni kuukuu, huwa namwomba nimpe nyingine na kuikata yake kwa kisu mbele ya macho yake. Wengi hushika pua. Ule mkono wa kushikia uko wazi kwa ndani. Maziwa yanaingia mle na hayatoki, yanakauka na kufanya utando wa manjano. Mdomo ni mwembamba, mkono haupiti, kwa hiyo watu wanaiosha kwa kutia sabuni na mchanga kisha kuitikisa kwa nguvu. Mchanga unaikwaruza plastiki, na kila mkwaruzo ni makazi mapya ya uchafu ambayo maji ya moto hayafikii. Nyingine ziliwahi kubeba mafuta ya kupikia, nyingine mafuta ya taa. Kopo la alumini lenye mdomo mpana unaingiza mkono mpaka kwenye kwapa na kusugua kila kona, na ukilianika kifudifudi juu ya kichanja linakauka lote. Serikali yetu imekuwa ikiwahimiza wauzaji wa maziwa kuacha jerikeni kwa miaka mingi sasa, na mimi naunga mkono. Tatizo ni bei. Fedha ya kopo moja la lita 20 inanunua jerikeni nyingi sana, na mama anayevuka kwa njia za panya hawezi kubeba kopo linalong'aa na kugonga kila anapokanyaga.

Mimi nilizaliwa hapa hapa Busia, lakini ujuzi wa maziwa niliupata Kiruhura, huko huko Ankole, nilikofanya kazi ya kupokea maziwa kwenye kituo cha kupoza kabla ya kurudi nyumbani. Kule nilifundishwa kwamba kazi ya kwanza inafanywa na pua. Unafungua kifuniko na kuinusa papo hapo ile hewa iliyofungiwa ndani, kwa sababu ikishatoka imeondoka na habari yake. Maziwa ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele, maziwa yaliyoanza kuchacha, maziwa yaliyowekwa karibu na moshi, yote pua inayajua. Halafu kipimajoto. Halafu spiriti: unachanganya maziwa na spiriti kiasi sawasawa kwenye kikombe kidogo cha kioo, unainamisha kikombe na kutazama ukutani mwake. Yakiteremka laini, sawa. Ukiona chembe kama za ugali zimeganda kwenye kioo, maziwa hayo hayatastahimili moto, yatakatika. Mwisho laktomita, kifaa kinachoelea ndani ya maziwa na kuonyesha uzito wake. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki cha maziwa mabichi, kile cha EAS 67, kinataka uzito wa lita moja ya maziwa uwe kati ya kilo 1.028 na 1.036 kwenye nyuzi 20. Chini ya hapo, mtu amekutana na bomba la maji njiani.

Kazi yote hiyo kwa kopo moja haimalizi dakika tano. Gari linalotoka magharibi linafika kwangu baada ya mwendo wa karibu kilomita 470, na hakuna lita inayoingia kipozeoni kabla ya kupimwa, hata kama dereva ana haraka na wateja wamejipanga mlangoni.

Lakini lazima niseme pia vipimo hivi haviwezi nini, nisije nikauza matumaini badala ya maziwa. Laktomita inadanganyika. Mtu akiengua malai, maziwa yanakuwa mazito. Akiongeza maji kidogo, yanarudi pale pale kwenye kipimo kizuri. Mwingine anatia maji kisha unga au sukari ili uzito urudi. Unga utaugundua kwa tone la iodini, maziwa yanageuka buluu, lakini ni nani anatembea na iodini? Wachina waliyaona makubwa zaidi mwaka 2008. Maziwa yalitiwa maji, kisha yakatiwa melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, ili kipimo cha protini kisomeke vizuri, kwa sababu kipimo kile kilikuwa kinahesabu naitrojeni tu na melamini imejaa naitrojeni. Watoto wachanga 6 walikufa na karibu 300,000 wakaugua. Yale yalikuwa maziwa ya viwanda vikubwa, yenye nembo na maabara. Kwa hiyo nikisema pakiti zina hatari ndogo, simaanishi tulale. Namaanisha zinahitaji kupimwa kwa sampuli na maabara, si kwa kuzuiwa barabarani.

Kisha kuna yale ambayo hata kuchemsha hakuondoi. Akina mama wengi wananiambia, "Mama, mimi nachemsha mpaka yafurike mara tatu, kuna nini tena?" Kuchemsha ni kuzuri na wasiache kamwe, kunaua brusela, ile homa inayotoka kwa mifugo, kunaua kifua kikuu cha ng'ombe, kunaua vijidudu vya kuhara. Lakini ng'ombe aliyechomwa sindano ya antibiotiki akakamuliwa kabla ya siku za kungoja dawa imtoke mwilini kuisha, dawa iko kwenye maziwa na moto hauitoi yote. Vivyo hivyo sumu ya kuvu inayotoka kwenye chakula cha ng'ombe kilichooza, mahindi yenye ukungu au mashudu, inapita kwenye mwili wa ng'ombe na kutokea kwenye maziwa, na inastahimili moto. Kule Ankole kupe wamekuwa sugu kwa dawa nyingi, na wafugaji waliokata tamaa wanachanganya dawa kali wanavyojua wenyewe, wengine mpaka zile za wadudu wa mazao. Hilo ni letu Waganda, wala simsingizii mtu. Mnunuzi wa Kenya akiuliza juu ya mabaki ya dawa, anauliza swali la haki.

Deri yangu haina kifaa cha kupima antibiotiki. Nilicho nacho ni maziwa mgando. Kila siku natenga ndoo, nachemsha, napoza, natia kimea, yaani mgando kidogo wa jana, na kufunika. Kwa kawaida asubuhi yameganda, yanakatika kwa kijiko. Ikitokea asubuhi nafunua na kukuta bado ni maji, kimea kimeshindwa kufanya kazi, najua kuna kitu kimekiua, na mara nyingi kitu hicho ni dawa ya ng'ombe. Nampigia simu aliyeniletea, naye anawapigia wafugaji wake. Lakini habari hiyo inanifikia kesho yake, maziwa mengine ya gari hilo hilo yameshauzwa na kunywewa pande zote mbili za mpaka. Kuna vijiti vya kupimia ambavyo vinatoa jibu kwa dakika chache. Viwanda vikubwa vinavyo. Mpakani kwa wadogo havipo.

Kuhusu brusela, sitaki kuieleza kwa maneno ya vitabu. Kijana wa dada yangu, mwenye nguvu zake, alianza kupata homa inayokuja jioni na kuondoka asubuhi, anaamka shuka limelowa jasho, mgongo na nyonga zinamuuma kama mzee. Zahanati ya kwanza ilimtibu malaria. Ya pili ikamtibu malaria na taifodi. Alikonda mpaka akaacha kazi ya kubeba mizigo, na baadhi ya majirani wakaanza kunong'ona. Daktari aliyemuuliza anakunywa maziwa gani ndiye aliyempima damu na kumpa dawa mbili za kunywa pamoja kwa wiki 6. Alipona, lakini mwaka huo mzima ulimpotea. Alikuwa anakunywa maziwa mabichi kutoka kwenye jerikeni ya rafiki yake anayevusha, kikombe kimoja kila asubuhi, akiamini kwamba yakichemshwa yanapungua nguvu.

Kwa hiyo nikisikia wito wa kufunga mpaka, najiuliza ungemsaidiaje kijana kama huyu. Tumeshaona kufunga. Mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020 maziwa ya Uganda yalikamatwa huko Kenya, ya pakiti hayo. Machi 2023 Bodi ya Maziwa ya Kenya ikasimamisha uingizaji wa maziwa ya unga, na sababu iliyotajwa ilikuwa kumlinda mfugaji wa Kenya dhidi ya bei kuanguka. Mfugaji wa Kenya ni ndugu yangu, ana karo za kulipa, na nchi yake ina haki ya kumlinda. Lakini hilo ni jambo la soko, lizungumzwe kama jambo la soko. Likivishwa kanzu ya afya, siku hatari ya kweli itakapotokea huku kwetu hakuna atakayeamini, watu watasema ni bei tena. Na katika siku hizo zote za kufunga, jerikeni za Sofia ziliendelea kupita, tena zilizidi, kwa kuwa pakiti zilipoadimika mtu alitafuta ya jerikeni.

Upo mfano bora zaidi na ni wa hapa hapa. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya kuvu. Hata wiki haikuisha, zuio likageuzwa kuwa masharti: waingizaji wasajiliwe, shehena ziwe na cheti, sumu isizidi sehemu 10 katika bilioni, na ijulikane mahindi yametoka wapi na yatahifadhiwa ghala gani. Wafanyabiashara walinung'unika lakini walijua la kufanya. Maziwa mabichi ya wachuuzi hayajawahi kuwekewa utaratibu kama huo unaoweza kufuatwa na mtu wa baiskeli. Ule utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya, unaomruhusu mchuuzi kuvuka na bidhaa zisizozidi thamani ya dola 2,000 bila wakala wa forodha, unampa karatasi ya kusema bidhaa imetoka nchi mwanachama. Karatasi hiyo haisemi kama maziwa ni salama, na hakuna meza ya kumwambia.

Ninachokiomba ndicho hicho: meza. Pale getini wanapopita watu wa miguu, si kule kwenye malori. Ifunguliwe saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu maziwa hayangoji ofisi ifunguliwe saa mbili. Iwe na kipimajoto, spiriti, laktomita, iodini, na vijiti vya antibiotiki vya kupimia makopo machache yanayochaguliwa bila kutangaza. Wakae watu wawili, mmoja wa kila nchi, wapime pamoja, watie muhuri mmoja kwenye kadi ya mchuuzi, na muhuri huo uheshimiwe pande zote mbili asubuhi hiyo. Viwango tayari ni vya pamoja, EAS 67 kwa mabichi na EAS 69 kwa yaliyopashwa moto, kwa hiyo hakuna cha kubishania juu ya maziwa mazuri ni yapi. Mchuuzi asajiliwe kwa jina na aeleze alikonunua, ili maziwa yakishindwa kipimo ijulikane atafutwe nani. Na kama yametoka kwangu, waje kwangu.

Bora zaidi kuliko yote, yasivuke mabichi. Mtambo mdogo wa kupasha maziwa nyuzi 63 kwa dakika 30, kisha kuyapoza haraka, unaweza kutumiwa na kikundi cha wachuuzi kwa zamu. Halmashauri zetu zimewahi kujengea wafanyabiashara vibanda ambavyo mpaka leo vimefungwa kufuli. Fedha ya vibanda hivyo ingetosha kuanzia. Makopo ya alumini yangeweza kukopeshwa, mtu akalipa kidogo kidogo kila wiki kama anavyolipa bodaboda. Hili la makopo mimi na wenye deri wenzangu watatu wa mtaa huu tumeshaanza kulizungumza, na tuko tayari kuchangia ya kwanza.

Wapo watakaosema ukimpimia mchuuzi umehalalisha magendo. Magendo yanaishi kwa sababu njia halali haimfai mtu mwenye lita 20. Nimewauliza akina mama wanaonunua kwangu kama watakubali kusajiliwa, kubeba kopo na kusimama kwenye foleni ya kupimwa. Wengi wamekubali, hata wale niliodhani watacheka. Ila wameniuliza swali ambalo sina mamlaka ya kulijibu: wakishapimwa na kutiwa muhuri upande huu, je, ofisa wa upande wa pili ataipokea kadi au atayamwaga? Naomba Wizara ya Kilimo ya Uganda na Bodi ya Maziwa ya Kenya walijibu swali hilo kupitia gazeti hili.

Mwenye deri ya maziwa,
Busia, Uganda